Chujio la Chembe Moja

Siku tuliyomzika bibi yangu, hakuna mtu aliyemtukana.

Mama alikaa mkekani karibu na jeneza, ameshika kipande cha marehemu kwa mikono miwili. Alikikazia macho kama mkunga anayesubiri mtoto alie. Kipande chenyewe ni bamba dogo la shaba la kuning'iniza shingoni, lenye spika isiyozidi punje ya kunde. Huku milimani kila mtu anacho. Ukitumiwa chembe, sarafu yetu ndogo kuliko zote, hata moja tu, kipande chako hutangaza kwa sauti: kiasi ulichopokea, na maneno yaliyofuatana nacho. Hakina kitufe cha kukinyamazisha. Baraza lilikikataa kitufe hicho zamani, baada ya wazee wasioona vizuri kuibiwa kimyakimya.

"Betri haijaisha?" shangazi aliuliza.

"Kizima hiki," Mama akajibu. "Wao tu ndio hawajasema."

Wao ni watani wetu sisi Wapare, Wachaga wa ng'ambo ya tambarare. Bibi Naetwe alikuwa na mdomo uliotisha wilaya mbili. Alipokufa tajiri mmoja wa Moshi, Bibi alituma chembe moja na ujumbe: "Mfungeni mikono, asije akaanza kuhesabu michango." Mjane alicheka hadi akashikiliwa asianguke. Utani wa msibani ndivyo ulivyo. Unafungua akaunti mpya asubuhi hiyohiyo ili usijulikane, unatuma chembe moja na tusi moja, na wafiwa wanakaa kubahatisha: huyu ni fulani, hapana, fulani hana akili ya kutunga hivi. Wakikupata, unaleta mbuzi. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakisema Naetwe akifa milima itatikisika kwa matusi. Walikuja kutoka mbali kuyasikia. Wengine, Mungu awasamehe, walikuja kwa hilo tu.

Na sasa jeneza lilikuwa limefungwa, mchungaji amefunga kitabu chake, na shaba ilikuwa kimya. Kimya cha watani kina maana moja tu. Kinasema: huyu tulimchukia kwelikweli, na hatuna la kutania.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. Chembe moja. Akaunti mpya. Maneno mafupi. Nilirudia kichwani mara mbili.

Watani hawakuwa wamenyamaza. Mimi ndiye niliyewaziba midomo.

*

Kituo changu kipo ndivani. Ndiva ni bwawa la mawe, wazee walilijenga ubavuni mwa mlima ili maji yakusanywe na kugawanywa kwa zamu, shamba baada ya shamba. Siku hizi maji yanayotoka huzungusha kwanza pangaboi, na pangaboi linaipa mashine umeme. Kila ndiva ya Upare ina mashine yake, na mashine hizo kwa pamoja ndizo zinazobeba Mnyororo, yaani daftari la fedha zetu zote, kuanzia mahari hadi bei ya mchicha.

Kazi ya kituo ni umbea wenye nidhamu. Jirani anakuletea habari kwamba kuna muamala. Unakagua: saini ni ya kweli? Fedha zipo? Zikiwepo, unauweka muamala kwenye foleni na kuwanong'oneza majirani wengine. Ikifika zamu ya kituo chako, unaipiga foleni muhuri, na kilichopigwa muhuri hakifutiki hata kwa radi. Anayepokea hatumwoni. Jina lake limefichwa, na kipande chake peke yake ndicho kinachojua kwamba hii ni yangu. Sisi wa vituo tunaona kiasi, umri wa akaunti iliyotuma, na maneno. Basi.

Na kila mwenye kituo ana chujio lake. Katiba yetu inasema hivyo katika kifungu cha kwanza: hakuna atakayekulazimisha kubeba kila kinachobisha mlangoni kwako. Unaweza kukataa ada ndogo mno. Unaweza kukataa maneno marefu yanayojaza foleni. Chaguo ni lako, mchana kweupe, hakuna wa kukuuliza.

Hiyo ni katiba. Ukweli ni kwamba ukurasa wa machujio una vishale vingi kuliko nywele za mbuzi, na wenzangu wanauogopa. Mimi nina stashahada ya chuo cha ufundi, kwa hiyo kila msimu naandika mpangilio wa kituo changu na wao wanaubandika ulivyo. Elieneza Msangi, wa ndiva ya chini, aliwahi kuubandika pamoja na jina langu. Wiki nzima mashine yake ilijitambulisha kama Nakijwa.

"Nilikuwa nahisi nimependeza ghafla," alisema tulipogundua.

Asubuhi moja Namsifu alikuja kuchukua zamu yake ya maji. Namsifu ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na ni mtu wa maneno machache. Alipoinama kugusisha kipande chake langoni, kikazungumza, kwa sauti ileile ya upole inayotangaza zamu za maji:

"Umepokea chembe moja. Ujumbe: Mlango mpya umependeza. Bluu inakufaa."

Hakusimama wima. Alibaki ameinama hivyohivyo, mkono langoni, kama mtu aliyeshikwa na kichomi.

"Mlango umeupaka lini?" nikauliza.

"Jana."

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

Wote tulimjua aliyekuwa mumewe, mtu wa ng'ambo ya tambarare, mcheshi wa harusini, na wote tulijua kwamba mahakama ilimkataza kumkaribia. Hakumkaribia. Alituma chembe. Kila siku akaunti mpya, kila siku chembe moja, na maneno ambayo ukiyaandika kwenye karatasi hayana kosa hata moja. Umevaa kitenge cha njano. Mtoto wa jirani anakuzoea. Kipande kilimsomea sokoni, kanisani, mbele ya wateja akiwapima viuno.

"Polisi?"

"Nilikwenda." Alijinyoosha polepole. "Walimwita, akaja amewabebea soda. Akasema mimi Mchaga, yeye Mpare, afande, huu ni utani, mwenzangu kaishiwa ucheshi. Afande akacheka. Wakacheka wote wawili, Nakijwa, nimekaa pale."

Hangeweza kukivua kipande. Bila kipande lango la ndiva halifunguki, na mteja hana pa kukulipa. Hangeweza kumzuia mtumaji, maana kila siku alikuwa mpya.

"Nani mwingine huku milimani anajua kwamba ni yeye?" nikauliza.

"Wewe. Nakuomba uwe huyo mmoja tu."

Nikaandika mstari mmoja. Chembe moja, ikitoka kwenye akaunti ambayo siku ya kutuma haijamaliza wiki, ikiwa na maneno: isiingie kwenye foleni. Nikaupa jina la "usafi wa foleni" na kuuchomeka katikati ya mpangilio wa msimu, ambapo macho huteleza. Wenzangu wakaubandika ndiva zote, juu hadi chini, kama kawaida yao. Kipande cha Namsifu kikawa kimya. Baada ya muda nikamsikia sokoni anabishana bei ya vifungo kwa sauti ya juu, na nikatembea kutwa nzima kama mtu aliyeshinda kesi.

Wakati huo Bibi alikuwa mzima. Alikuwa kibarazani anapepeta maharage na kuwasema Wachaga. Sikufikiria.

*

Niliweka sinia chini, nikatoka nyuma ya jiko na kufungua simu. Vituo vya tambarare, ambavyo havipigi muhuri ila hupokezana tu, havina chujio langu. Vilikuwa vimeshikilia miamala yote na kuturudishia tena na tena, kama mgeni asiyekubali kwamba nyumba imefungwa. Matusi yalikuwa mengi. Nikasoma.

"Chimbeni kina kirefu, asije akakata rufaa."

"Shetani, tafuta wakili mapema."

"Naetwe, uliniita mchoyo. Haya, chembe hii hapa. Chenji nitaifuata mwenyewe."

Nilicheka na machozi yakanitoka kwa pamoja, nikaziba mdomo kwa kanga. Kisha nikakutana na huu:

"Msiba mkubwa. Leo nyumba yako haina mtu."

Nikausoma tena. Ungeweza kuwa wa Bibi. Nyumba ya Naetwe haina mtu, Naetwe yupo sandukuni, ni tusi zuri tu, lina ladha. Na ungeweza kuwa wa mwanamke aliyekuwa hatua chache kutoka kwangu, anachochea chai kwenye sufuria la msiba, mlango wake wa bluu umefungwa kwa kufuli dogo. Mashine haikujua. Mimi na stashahada yangu pia sikujua. Na chujio linajua sheria tu, halijui kuteua: ama limefungwa kwa wote, ama liko wazi kwa wote.

"Nakijwa." Mama alikuwa amenifuata. Kipande bado kilikuwa mikononi mwake. "Wewe ndiye mtu wa mitambo. Kuna hitilafu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika ulimini.

"Hakuna hitilafu, Mama. Yamezuiwa."

"Nani kayazuia?"

"Mimi."

Alinitazama kama anayetafuta sura ya mtu mwingine usoni mwangu. "Basi mpigie Elieneza. Zamu ya muhuri ni yake leo, aondoe hilo dude. Watu wamekaa. Mama yangu amelala pale kama mchawi aliyesuswa."

"Nikusomee? Yapo hapa, Mama, ni mazuri mno—"

"Unisomee?" Alipaza sauti, akaishusha palepale. "Tusi la mtani lisomwe na mwenye msiba? Tumtukane mama yetu sisi wenyewe? Yaje yenyewe kwa njia yake. Yafungulie."

Namsifu alikuwa ameacha kuchochea. Hakuangalia upande wetu, lakini mwiko ulikuwa umesimama ndani ya sufuria.

"Siwezi."

"Huwezi, au hutaki?"

"Sitaki, Mama."

Akafuta kipande kwa ncha ya kanga, taratibu, kama kimeingia vumbi.

"Basi kamzike wewe," akasema, na kurudi ndani.

Tulimzika. Udongo ulikuwa na kelele kubwa kuliko watu.

*

Baraza la vituo liliitishwa baada ya matanga, ndivani kwangu, jua la asubuhi likichoma mawe. Walikuja wenye vituo wote, ndugu zangu walikuja, na wanawake wa zamu ya maji nao, Namsifu akiwa nyuma kabisa na ndoo yake. Halafu likapanda gari kutoka tambarare, wakashuka watani. Aliyetangulia alikuwa Mama Ndeshi, mama mnene mwenye kofia ya kanisani, muuza mbao wa Moshi, ambaye Bibi alimwita "dada wa msumari" maisha yake yote.

"Shikamoo, Mama Ndeshi," nikasema.

"Usiniamkie!" akafoka. "Kwanza nijue kama naamkiwa na mtu au na kufuli. Tusi langu nililipika miaka, mwanangu. Tangu Naetwe aliponisema kwenye harusi ya binti yangu. Nikalituma, likarudi. Nikalituma tena, likarudi. Tumedhani mmetukatalia utani!"

"Na sisi tumedhani nyie ndio mmetususa," Mama akasema. Hakuniangalia. Kipande cha Bibi kilikuwa shingoni mwake sasa.

Mwenyekiti wetu, Senkondo, karani mstaafu wa mahakama, anapenda mambo yaende kwa utaratibu. Akaniuliza kama mstari ule niliuandika mimi. Nikasema ndiyo. Akauliza kama niliwaambia wenzangu. Nikasema hapana. Akauliza sababu.

"Kulikuwa na mtu anaumia."

"Nani?"

"Sisemi."

"Sasa baraza litapimaje?"

"Lisipime. Kila mmoja wenu ana ukurasa wake wa machujio. Auondoe mstari, yaishe."

Wakatazamana. Elieneza, ambaye zamu ya muhuri ilikuwa imemrudia, akatoa simu na kuanza kutelezesha kidole. Alitelezesha muda mrefu.

"Nakijwa," akasema hatimaye kwa sauti ndogo, "uko wapi huo mstari?"

Watani wakaangua kicheko. "Wapare!" Mama Ndeshi akapiga makofi. "Mna mlango, mna ufunguo, hamjui tundu liko wapi!"

Nilikuwa na nafasi ya kukaa kimya. Nilimtafuta Namsifu kwa macho, kule nyuma. Sijui hadi leo alitaka kuniambia nini. Aliinamisha kichwa mara moja. Kilikuwa kichwa cha mtu anayekubali, au cha mtu aliyechoka.

"Ukurasa wa pili," nikamwambia Elieneza. "Usafi wa foleni. Kishale cha kulia."

Akabonyeza.

Maji yakaendelea kugonga pangaboi. Kisha shingoni mwa Mama, sauti ya upole ikaanza:

"Umepokea chembe moja. Ujumbe: Chimbeni kina kirefu, asije akakata rufaa. Umepokea chembe moja. Ujumbe: Shetani, tafuta wakili mapema. Umepokea chembe moja. Ujumbe: Hatimaye Naetwe amekaa mahali bila kumshitaki jirani."

Mama alijishika kifua. Nilidhani analia, kumbe anacheka, cheko la tumboni ambalo sikuwa nimelisikia tangu Bibi alazwe. Shangazi akaruka: "Hilo la rufaa ni la Mama Ndeshi!" Mama Ndeshi akaficha uso kwa kofia. "Mbuzi! Mbuzi!" watu wakaimba. Matusi yakamiminika, moja juu ya jingine, na kila moja likapokelewa kwa vigelegele. Senkondo mwenyewe alikuwa anapangusa miwani. Ndivyo Bibi yangu alivyostahili kuzikwa, nami nilikuwa nimemnyima. Nilikiona nilichomnyima, chote, kimesimama mbele yangu kinacheza.

"Umepokea chembe moja. Ujumbe: Msiba mkubwa. Leo nyumba yako haina mtu."

Kicheko kikaendelea. Ilikuwa sauti ileile, lakini ilitoka nyuma, kwenye ndoo.

"Umepokea chembe moja. Ujumbe: Bluu imeanza kuchubuka. Nitakuja kuipaka."

"Huyo ni Baba Aikaeli!" akapaza mtu kwa furaha. "Baba Aikaeli fundi rangi! Lete mbuzi!"

"Umepokea chembe moja. Ujumbe: Umeanza kucheka sokoni. Nani kakuruhusu?"

Watu waligeuka mmoja mmoja. Namsifu alikuwa amesimama wima, mikono imening'inia, na kile kidude kikimsomea kifuani kwa upole. Hakujaribu kukiziba. Vigelegele vilikatika katikati, kama redio iliyochomolewa. Kipande kiliendelea. Aliyekuwa mumewe alikuwa amemwandikia kila siku, na kila ujumbe ulikuwa umesubiri tambarare hadi tulipoufungulia.

Elieneza alikuwa anahangaika na simu. "Nakirudisha, nakirudisha, dada, samahani, kishale kipi—" Nikamnyang'anya na kulirudisha chujio mwenyewe. Lakini yaliyokwisha kupigwa muhuri yalisomwa yote mpaka mwisho, tukiwa tumesimama pale.

Mama Ndeshi alimwendea. Watu wakampisha. Hakumgusa, akasimama ubavuni kwake tu, kofia mkononi.

"Huyu anayekuandikia ni mtu wetu?" akauliza.

Namsifu akaitikia kwa kichwa: ndiyo.

"Sisi tukitukana, tunakuja na mbuzi," Mama Ndeshi akasema, na sauti yake haikuwa ya utani tena. "Mbuzi wa huyu yuko wapi?"

Senkondo alivaa miwani, akakohoa. Yeye ni mtu wa utaratibu, na utaratibu haukuwa umekwisha.

"Binti Nakijwa," akasema. "Tumesikia. Hakuna mwenye moyo asiyeelewa. Hata hivyo, kulinda ni jambo moja na kuficha ni jingine. Uliamua peke yako nini kipite kwenye masikio ya milima mizima. Leo ulimlinda huyu. Kesho mwingine mwenye mpangilio wake atatuziba kwa sababu yake, na sisi tutabandika."

"Ni kweli," nikasema.

"Basi omba radhi. Kwa baraza, kwa watani, kwa mama yako. Neno moja, kituo kinabaki chako."

Nilimtazama Mama. Alikuwa amekishika kipande cha Bibi ndani ya ngumi, na alinitazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu nyuma ya jiko. Uso wake haukuniambia sema wala usiseme.

Nikafikiria neno lenyewe lilivyo jepesi. Nikafikiria pia kwamba kila aliyeombwa msaada kabla yangu alikuwa na neno jepesi la kumpa Namsifu, na soda ya aliyekuwa mumewe mkononi.

Nilivua ufunguo wa kituo shingoni, nikauweka juu ya jiwe mbele ya Senkondo.

"Someni mipangilio yenu kabla ya kubandika," nikasema. "Nilimnyima bibi yangu matusi yake, na hilo litanikaa. Niliwaficha, na ningewaficha tena kesho asubuhi. Kituo chukueni. Radhi siombi."